Mizani ya Chumba cha Mieleka

Dorvik, Iowa
Jumatano, 4 Septemba 2024

Kwa Duane, kijana wangu wa mieleka na rafiki yangu,

Nakusalimu sana, wewe na Rhonda na watoto, na huyo mjukuu wenu Josie ambaye nasikia hakuna binamu aliyebaki bila kuangushwa naye kwenye nyasi za uani. Natumaini mko wazima na soya zenu zimeanza kugeuka rangi. Ukitaka habari zangu, bado nahema, ingawa kwa msaada wa mrija. Daktari alikuja juzi akakaa kitandani kwangu badala ya kusimama mlangoni, na mtu wa umri wangu anajua maana ya daktari kukaa. Alisema moyo umechoka, na nikiwahi kuona mahindi yakivunwa nitakuwa nimebahatika. Nikamwambia nimeyaona yakivunwa tangu enzi za farasi, yanatosha. Yesenia, dada anayetuhudumia hapa kwenye nyumba ya wazee, ananishikia karatasi isiteleze. Ukiona mwandiko umepinda, lawama ni yangu. Ukiona umenyooka, sifa ni zake.

Kadi yako ilinifikia Ijumaa. Umenieleza kwamba mkuu wa shule, Bi. Amdahl, amekuomba uanzishe timu ya mieleka ya wasichana, kwamba bodi inakutana Jumanne ijayo kusikia jibu lako, na kwamba usipokubali hakutakuwa na timu mwaka huu, kwa kuwa hapa Dorvik hakuna mwingine aliye tayari. Umeniambia pia kwamba jibu lako ni hapana, na kwamba Josie amenuna na hataki hata kula mezani na wewe. Halafu chini kabisa, kama mtu anayeuliza bei akiwa ameshashika kitasa cha mlango, ukaniuliza mimi niliyefaulu ni nini hasa kinachomfanya kocha afaulu. Ukaongeza kwamba, kiwe ni nini, hakimo ndani ya mtu aliyeshindwa kufunga mdomo wake mwenyewe asubuhi ya mashindano ya jimbo.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye mto. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu aliyeambiwa asijisumbue. Kwa hiyo nakuandikia jambo ambalo nimelificha tangu wewe ukiwa na miaka kumi na saba, na sasa una mvi.

Jambo lenyewe ni hili, Duane. Hukusema uongo. Asubuhi ile ya Februari 1985 ulipotuambia sote kwamba mizani ya chumba chetu ilionyesha umeshuka chini ya uzito unaotakiwa, ulisema kweli tupu. Mizani ndiyo iliyodanganya. Ilikuwa imechezewa, na mimi nilijua ulipokuwa bado umesimama juu yake. Mkono ulioichezea nitautaja mwisho wa barua. Nikiutaja hapa utaiweka barua chini na hutasoma mengine, na mengine hayo ndiyo jibu la swali lako.

Unajua nilivyosifiwa. Jina langu liko juu ya mlango wa ukumbi, na walinipa saa ya ukutani ambayo sasa inanikereketa usiku kucha. Waandishi wa magazeti walikuja kuniuliza siri yangu nami niliwajibu kama kocha yeyote anavyojibu, nikataja nidhamu na kazi na miguu isiyochoka. Sikuwadanganya. Kocha mzuri anajua nani ukimfokea anapanda na nani ukimfokea anazama. Anajua kwamba Gaylen Boyce lazima achekeshwe kabla ya pambano, na kwamba Duane Vondracek anataka kuachwa peke yake, taulo kichwani, bila kuguswa bega. Anajua kuonyesha namna moja ya kuangusha mtu mpaka mtoto aifanye akiwa usingizini, badala ya kumwonyesha namna ishirini. Lakini hayo ni ufundi, na ufundi hata mpumbavu anaweza kuupata akikaa muda mrefu pembeni mwa mkeka. Kile ulichoniuliza nilikiona mara moja tu maishani, kwa macho yangu, na hakikutoka kwangu.

Nikurudishe kwenye majira yale ya baridi. Ulikuwa mwaka wako wa tatu wa sekondari na mji mzima ulikuita Panzi, kwa jinsi ulivyoruka miguuni mwa mtu kabla hajamaliza kupepesa macho. Uzito wako wa haki ulikuwa ratili mia na ishirini na sita. Lakini kwenye daraja hilo alikuwepo bingwa mtetezi ambaye hakuwa amepoteza pambano, na shule yetu haikuwa imewahi kupata bingwa wa jimbo tangu ijengwe. Mimi ndiye niliyekuita ofisini baada ya Krismasi nikakuambia kwamba ukishuka hadi mia na kumi na tisa njia ni nyeupe. Hukuuliza chochote. Uliniambia, “Sawa, Kocha,” ukaenda kuitupa sandwichi yako kwenye pipa mbele yangu ili nikuone.

Leo mtu angeshtakiwa. Wakati ule tulifanya hivyo sote, na baba zetu walifanya hivyo. Ulikimbia kwenye chumba cha tanuri ukiwa na suti ya mpira ili jasho likutoke na uzito upungue. Ulitembea na kikombe cha karatasi darasani kwangu ukitema mate, nami nikiendelea kufundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe kana kwamba sioni. Kwenye mkahawa wa Dot wazee walikuwa wakiulizana asubuhi, “Panzi leo ana ngapi?” kama wanavyouliza bei ya nguruwe. Gaylen, yule pande la mtu wa uzito wa juu ambaye ndiye pekee mwingine aliyefuzu nawe kwenda mashindano ya jimbo kule Des Moines, alikuwa akila donati mbele yako na kukuambia, “Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Mimi mizani yenyewe ndiyo inaniogopa.” Ulikuwa ukicheka. Kufikia Februari uliacha kucheka. Midomo yako ilikuwa imepasuka, na nilikuwa nikikuita mara mbili ndipo ugeuke.

Niliyaona hayo. Nataka ujue niliyaona.

Jumanne ya wiki ya mashindano baba yako alikuja darasani kwangu baada ya kengele ya mwisho. Ladimir hakuwahi kuingia shuleni isipokuwa kwa mahafali ya dada yako. Alisimama na kofia yake ya kampuni ya mbegu mkononi, buti zimejaa tope la zizini, akakataa kuketi kwenye vile viti vya wanafunzi akisema asingeweza kutoka tena. Alinieleza kwamba asubuhi hiyo alikukuta umeketi kati ya nguruwe, mgongo kwenye ukuta, umeshindwa kuinuka. Alikuwekea mkono kifuani, akasema moyo wako ulikuwa ukipiga, unasita, kisha unakimbia kufidia. Akaniambia pia rangi ya mkojo uliouacha kwenye theluji nyuma ya banda. Alisema ulikuwa kama kahawa.

Aliniomba nikuzuie. Hakuomba kwa ukali. Alisema amekukataza mwenyewe, ukamjibu kwamba hayo ni mambo yako na Kocha. “Hanisikii mimi, Mwalimu,” akasema. “Mimi ni mtu wa nguruwe tu. Wewe ukimwambia ale, atakula.”

Nilimwambia zimebaki siku mbili. Nilimwambia kila bingwa amepita hapo, kwamba vijana ni wagumu kuliko tunavyodhani, kwamba ukishapimwa Alhamisi asubuhi utakula na kunywa na kufikia mchana utakuwa simba. Nilitumia sauti yangu ya darasani. Nilikuwa na shahada mbili na yeye aliacha shule akiwa darasa la nane, na nilihakikisha analisikia hilo kwa namna nilivyopanga maneno. Kisha akasema, “Kumbe na wewe unaogopa,” akavaa kofia yake na kutoka, ameacha tope kwenye sakafu. Sikujua wakati ule alimaanisha naogopa nini. Nilijua baadaye. Niliogopa kumaliza kazi yangu Dorvik bila bingwa.

Basi Alhamisi ikafika. Unaikumbuka kuliko mimi. Basi dogo la shule lilikuwa linaunguruma nje kwenye baridi, mama yako amekuja na jagi la maji na mkebe wa mapichi na kolachi alizozioka, ile mikate yenu midogo mitamu, za mbegu za popi na za jibini, zimefungwa kwa taulo. Baba yako hakupanda nasi. Alisema ana nguruwe wa kulisha, atakuja na pikapu. Ulienda kwenye chumba cha mieleka ukavua kila kitu, ukapanda mizani kama mtu anayepanda ngazi ya kunyongwa. Jioni iliyotangulia ulikuwa umezidi kwa zaidi ya ratili mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ule mkono wa chuma wa mizani uliposhuka na kukaa chini, ukalisogeza jiwe la kupimia nyuma, na nyuma tena, na bado umekaa chini, uligeuka ukanitazama kwa uso ambao sijausahau. Ulisema, “Kocha, nimeshuka. Nimeshuka hata na ziada.” Kisha ukaniuliza kama unaweza kunywa.

Nilijua mizani ile inadanganya. Nilijua ukinywa, hutapita Des Moines. Ningeweza kusema ngoja. Nilikuwa na kinywa na mate ndani yake.

Nilikuambia, “Kunywa.”

Ulikunywa vikombe vitatu bila kupumua. Mama yako alifungua mkebe, ukala mapichi kwa vidole na kumalizia maji yake ya sukari, kisha kolachi moja, kisha nusu ya nyingine, ukalala kwenye kiti cha nyuma kichwa kwenye bega la Gaylen, na kabla hatujafika barabara kuu ulikuwa unakoroma. Gaylen alikaa bila kutikisika safari nzima ili asikuamshe, pande lile la mtu, mkono umemfa ganzi.

Ukumbini Des Moines mlipangwa mstari mkiwa na nguo za ndani. Msimamizi wa mizani alikuwa mzee mwenye miwani, mpole kabisa. Alisoma, akasoma tena, akakuomba ushuke na kupanda upya. Ulikuwa umezidi kwa ratili moja na robo. Ukakimbia ngazi za ukumbi na suti ya mpira, ukatema mate, Gaylen akakukata nywele kwa mkasi aliouazima kwa mama mmoja wa mji wa Decorah, na muda ukaisha. Uliketi kwenye sakafu ya zege chini ya mizani. Hukulia kwa sauti. Ulikuwa ukirudia tu, “Ya nyumbani ilisema niko sawa. Kocha, mwambie. Ya nyumbani ilisema niko sawa.” Nami nilikufunika na koti langu, sikumwambia mtu kitu.

Wakati huo baba yako alikuwa amefika. Ulimwona akinijia, akaniinamia sikioni, akaniuliza neno moja, nikamjibu, akavua kofia yake akasimama nayo. Miaka hii yote umeamini alikuwa akiniomba radhi kwa aibu uliyotutia. Uliniambia hivyo mwenyewe, jioni ya mazishi yake, ukiwa umesimama nje ya kanisa na hukutaka kuingia kula na watu. Nilikusikia ukisema hivyo na nikanywa kahawa yangu. Alichoniuliza nitakuambia.

Yaliyofuata yalikuwa machungu kuliko yale ya Des Moines. Uliendelea kusema kwamba mizani ya shule ilikosea, na wapo walioanza kukuamini. Kwa hiyo Jumatatu jioni wanaume wa kamati ya timu walijazana chumba cha mieleka, na baba yako akaja na magunia mawili ya chakula cha nguruwe, ratili hamsini kila moja, yenye mhuri wa ghala. Akayapakia juu ya mizani mbele ya kila mtu. Mkono wa mizani ukasimama katikati, kwenye mia kamili, hautetemeki. Akaongeza chuma cha mazoezi, ukasoma sawasawa. Ndipo aliposema, na wewe umesimama mlangoni, “Mizani ni nzima. Kijana wangu alikula.”

Najua sentensi hiyo imeishi nyumbani kwako tangu siku ile kama mpangaji asiyehama.

Asubuhi yake mtu alining'iniza sandwichi ya nyama kwenye kabati lako la shule, kwa kamba ya kiatu. Kwa Dot walisema Panzi ameangushwa na kolachi. Mtu mmoja, ambaye sasa ni marehemu na simtaji, alikuuliza mbele ya mama yako kama ungependa akununulie pai nzima au kipande. Gaylen alimpindua kiti kikiwa na mwenyewe juu yake, na hilo ndilo pambano lililonifurahisha kuliko yote ya mwaka ule, ingawa ilinibidi nimwadhibu. Wewe uliniletea viatu vyako vya mieleka vimefungwa pamoja, ukaviweka mezani kwangu, ukasema asante. Ulikuwa na mwaka mmoja mbele yako. Hukurudi mkekani. Ulikwenda kufanya kazi kwenye ghala la ushirika, na wewe na baba yako mkaishi maili mbili mbali mkizungumza habari za mvua.

Mimi nilibaki na chumba. Msimu uliofuata niliweka ndoo ya maji katikati ya mkeka na kata ya bati juu yake, nikatangaza kwamba nitakayemwona na suti ya mpira atakwenda nyumbani. Watu walidhani nimerukwa na akili. Miaka miwili tulipigwa na kila shule ya bonde hili, na kwa Dot walianza kuninyamazia nikiingia. Kisha vijana waliokuwa wanakula wakaanza kuwachosha vijana waliokuwa na njaa. Bingwa wa kwanza akaja, wa pili, na mlango ukapata jina. Waliponiuliza niliwezaje kuona mapema hivyo jambo ambalo makocha wenzangu waliliona baada ya miaka kumi, nilitabasamu kama mwenye hekima. Sikuona kitu, Duane. Nilionyeshwa.

Sasa nisikilize, maana Yesenia ananiambia nipumzike na nimemwomba dakika chache.

Jumatano ile jioni, baada ya mazoezi ya mwisho, wewe ukiwa umekwenda nyumbani kujifunika mablanketi, nilirudi shuleni kuchukua mkoba wa dawa. Taa ya chumba cha mieleka ilikuwa inawaka. Milango yetu haikuwahi kufungwa, unajua. Niliingia nikamkuta baba yako amepiga goti mbele ya mizani, bisibisi mkononi, miwani yake ya kusomea puani, anaizungusha ile skurubu ndogo mwishoni mwa mkono wa chuma. Hakushtuka. Aliendelea mpaka akamaliza, akapanda mwenyewe kuijaribu, akashuka.

Nilimuuliza anafanya nini, ingawa nilikuwa naona. Alisema, “Nafanya kazi yako.”

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia ataharibu maisha yako, kwamba ubingwa hauji mara mbili, kwamba mtoto huyo ameutolea jasho na damu. Akasema damu ameiona, nyuma ya banda, ndiyo maana yuko hapo. Akaniambia hana haja ya kunizuia. Alisema, “Kesho asubuhi utakuwa hapa. Ukitaka mwambie, aendelee kukauka mpaka Des Moines, labda atafika na labda hatafika. Ukitaka nyamaza, atakunywa maji. Mimi naenda kulisha nguruwe.” Nikamuuliza kwa nini basi asikuambie tu ukweli baada ya mashindano. Alikuwa ameshafika mlangoni. Akasema, “Akijua ni mizani, mwakani atarudi kwenye ratili zile zile. Acha aamini ni mwili wake uliokataa. Na kama lazima amchukie mtu, anichukie mimi, wewe anakuhitaji.”

Alhamisi, basi letu lilipoondoka, aliingia akairudisha skurubu mahali pake, kisha ndipo akaendesha pikapu kutufuata. Na Jumatatu alipoleta magunia alijua fika yatasoma sawasawa. Alikufungia njia ya kurudi kwenye uzito ule mbele ya mji mzima. Alipotoka nje na magunia yake nilimfuata. Alikuwa ameegemea pikapu, hawezi kupata ufunguo mfukoni. Hakutarajia utauacha mchezo kabisa. Alidhani utapanda daraja, ule, ushinde mwakani, halafu akuambie na mcheke. Ulipomaliza shule nilimsihi akuambie. Akasema ngoja apate mtoto wake, ataelewa. Ulipompata Kyle alikuja kwako na keki na chupa ya bia, akakaa sebuleni saa nzima, akazungumza habari za mvua. Aliniambia mwenyewe, akijicheka. Kisha akaanguka kwenye trekta, na hapakuwa na wa kukuambia ila mimi.

Sikukuambia, kwa sababu kukuambia alichofanya ni kukuambia nilichokataa kufanya aliponijia na kofia mkononi. Nilipenda uendelee kuniita Kocha kwa ile sauti unayoitumia. Hilo tu. Sina sababu nzuri zaidi, na nimeitafuta.

Kwa hiyo Jumanne utakapowajibu bodi, usiwajibu kama mtu aliyeshindwa kufunga mdomo. Mdomo wako ulifunguliwa na mtu aliyekupenda, ukanywa ulipoambiwa unywe. Kocha anayefaa ni yule atakayeweza kumnyima mtoto jambo ambalo mtoto, mji na yeye mwenyewe wanalitaka kuliko kitu chochote, halafu akae na chuki ya mtoto huyo bila kujitetea. Mimi ilinibidi nionyeshwe. Wewe ulizaliwa ndani ya nyumba ya aliyenionyesha. Josie na wenzake watahitaji ndoo ya maji, kata utaipata kwenye kabati la chini, na mizani ile bado iko pale pale. Ipime kwanza.

Nisalimie Rhonda, mwambie mito aliyonishonea ndiyo ninayoegemea sasa hivi. Nisalimie Kyle na dada yake. Mwambie Josie kwamba kichwa kiwe juu anapoingia miguuni, anajua mwenyewe. Ukimwona Gaylen mwambie namdai mkasi wa yule mama wa Decorah. Ukipita makaburini, kaburi la baba yako liko kwenye mteremko wa upande wa jua, halina magugu, nimekuwa nikimlipa kijana wa Boyce alisafishe, na sasa utalisafisha wewe.

Nilisema nitakuambia alichoniuliza pale Des Moines, wewe ukiwa umeketi sakafuni chini ya koti langu na watu wote wanakutazama. Hakuuliza umezidi ratili ngapi, wala hakuomba radhi kwa mtu yeyote. Aliniinamia akaniuliza, “Amekunywa?” Nikamwambia vikombe vitatu. Ndipo alipovua kofia.

Wako,
Orrin Tveit